Mwalimu wa Bunduki

Ardis Stensrud alilisema jambo hilo huku akimenya viazi, bila kuinua uso, kama mtu anayetaja kwamba sukari imekwisha.

"Maribel, mwaka huu wewe ndiye utakayekwenda na Baba kuwinda kwale."

Maribel, mke wa mwanawe, alikuwa akikunja nguo mezani. Aliacha shati moja likining'inia mkononi. "Mimi? Mama, mimi sijawahi kushika hata bunduki ya maji."

"Atakufundisha. Nusu ya wilaya hii imefundishwa na yeye."

Hilo lilikuwa kweli. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila mwezi wa nne barafu ilipoanza kuyeyuka, Verlyn Stensrud alikusanya watoto wa shule katika ukumbi wa kanisa akawafundisha kubeba bunduki ya marisau bila kumuua mtu. Katika pembe ile ya Minnesota, huwezi kupewa leseni ya kuwinda kabla hujapitia somo hilo, na wengi walipitia mikononi mwake. Watu wazima wenye vitambi na madeni ya matrekta bado walimwita Mwalimu.

"Kwa nini asiende na watu wengine?" Maribel aliuliza.

"Nani? Helmer aliyekuwa akiwinda naye amekufa. Todd wako yuko barabarani na lori lake, hata siku anayorudi haijui. Nami magoti haya hayapandi hata ngazi." Ardis alidondosha kiazi kwenye sufuria. "Kumwacha aende peke yake siwezi. Na kumwambia asiende siwezi. Shule zimefungwa, jikoni kwenu huko shuleni hakuna kazi mpaka mwezi wa tisa. Nifanyie hisani hiyo, mwanangu."

Katika miaka sita ya kukaa nyumba moja, Ardis alikuwa hajamwita mwanangu hata mara moja. Alikuwa mkwe mwema, mwenye adabu ya baridi. Alimwachia Maribel nafasi jikoni ya kuchoma chapati zake za mahindi, akamsifu, kisha akafungua dirisha. Kwa hiyo neno lile moja lilifanya kazi yake. Maribel alikubali.

Mzee aliposikia, alicheka mpaka akashika ubavu. "Binti wa Texas! Basi mwezi wa kumi utanipikia kwale uliyemwangusha mwenyewe."

"Au nitakupikia mbwa wako, Baba, nikikosea."

"Hapo ndipo somo linapoanzia," alisema Verlyn, na kicheko kikamtoka usoni mara moja. "Hukosei. Kwenye hii hakuna kukosea."

* * *

Walianza siku ya pili yake nyuma ya ghala, mahali penye tuta la udongo la kuzuia marisau. Verlyn alimpa bunduki nyembamba ya mitutu miwili, ile ambayo Ardis aliitumia enzi za usichana wake. Ilikunjwa katikati kama mtu anayeinama kuokota kitu, na ikiwa imekunjwa hivyo kila mtu aliweza kuona kuwa matundu yake ni matupu.

"Bunduki zipi zina risasi?" aliuliza.

"Zile ambazo mtu amezitia."

"Zote! Bunduki zote zina risasi, hata ukiitoa dukani kwenye boksi lake. Kidole kinakaa wapi?"

"Kwenye hiki…"

"Nje! Kidole kinanyooka hapa ubavuni, nje ya kifyatulio, mpaka umeshaamua. Umeamua?"

"Sijaamua."

"Basi kidole kinatafuta nini humo? Na mtutu unaelekea wapi?"

Maribel alitazama. Mtutu ulikuwa ukielekea kwenye tangi la mafuta.

"Mtutu," alisema mzee polepole, "unaelekea mahali ambapo, hata bunduki ikilia, hakuna mtu atakayelia. Kariri."

Alikariri. Kwa wiki nzima hakupewa risasi hata moja. Alibeba bunduki akizunguka ghala, akaruka nayo mtaro, yaani hakuruka. Alifundishwa kuikunja, kuilaza chini, kuvuka, kisha kuichukua tena. Alifundishwa kumpa mtu mwingine bunduki: ikunje, onyesha matundu, mpe, na usiiachie mpaka yule aseme asante. Waliambiana asante pale nyuma ya ghala mara hamsini kwa siku, kama watu waliopungukiwa akili, na Greta, mbwa mzee mweusi, aliwatazama kila walipopokezana.

Jambo moja lilimshangaza Maribel. Jumatatu alifundishwa somo la kwanza. Jumanne mzee alianza tena na somo la kwanza, neno kwa neno, na utani ule ule. Jumatano akarudia. "Bunduki zipi zina risasi?" aliuliza, macho yakimng'aa, akisubiri akosee. Maribel alidhani ndivyo ualimu wa silaha ulivyo. Siku ya nne alikosea makusudi, kwa kuwa mzee alifurahi sana kumsahihisha.

Siku ya risasi ya kwanza, alimsogeza bega, akamkandamiza kitako cha bunduki mpaka kikaingia kwenye nyama, akamlaza shavu juu ya mbao.

"Egemea mbele, kama unasukuma mlango. Usiilenge kama bunduki ya vita, mwanangu. Nikirusha kisahani cha udongo, kifanye ndege: mtazame yeye, mfuate, mpite kidogo, na mikono itakuja yenyewe. Ukisimamisha mikono umemkosa."

Alivuta kamba ya mtambo. Kisahani cha udongo kikaruka. Maribel alifyatua, na bega likapigwa kama na kwato. Kisahani kiliendelea na safari yake hadi kikatua kwenye majani bila hata ufa.

"Umemtisha," alisema Verlyn.

Kisahani cha kumi na saba ndicho kilichopasuka, vumbi jeusi likatawanyika angani, na Maribel alijikuta akipiga kelele kwa Kihispania. Lakini kabla ya kushangilia alikuwa amekwisha kunja bunduki na kutoa maganda. Mzee aliliona hilo. Alivua kofia.

"Wanangu wote wawili," alisema, "Todd na Sheryl, siku ya kwanza walinigeukia na bunduki mkononi waniambie, Baba umeona. Wewe umekunja kwanza."

Jioni hiyo Maribel alimwonyesha Ardis bega lililovilia damu. Ardis alimpaka dawa, akauliza, "Na yeye? Anakwendaje?"

"Nani?"

"Baba. Anafundisha vizuri?"

"Vizuri sana, Mama."

Ardis alifunika chupa ya dawa, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena.

* * *

Alhamisi za mwisho wa mwezi wa nane, watu wa mji walikutana kwenye uwanja wa visahani karibu na ghala la nafaka. Kulikuwa na soseji za kuchoma, kahawa ya bure na mazungumzo ya mvua na ya viazisukari, zao la kiwanda cha sukari. Verlyn alimpeleka mwanafunzi wake kwa fahari, amevaa shati alilopigiwa pasi.

"Mwalimu kaleta mpishi wa shule!" mmoja alisema. "Jamani ficheni visahani, atavipakulia supu."

"Anakushinda hata wewe kwa shabaha," Verlyn alijibu. "Na asipokushinda, atakupakulia wewe."

Maribel alipata kumi na mmoja kati ya ishirini na tano. Wanaume waliomcheka walimsogezea kahawa. Kisha ikawa zamu ya Verlyn. Walikuwa watano kwenye mstari, naye wa tatu. Alivunja viwili vya kwanza bila hata kuonekana akijitahidi. Baada ya hapo, kwa kuwa mtu nyuma yake alisema jambo juu ya Helmer, aligeuka ili amjibu. Aligeuka mzima mzima, na bunduki nayo ikageuka, imefungwa, ina risasi, ikapita mbele ya watu waliokaa kwenye mabenchi na soseji zao mikononi, mmoja baada ya mwingine.

Mama mmoja alimvuta mwanawe kwapani.

"Mwalimu, ikunje," ilisema sauti ya Brad Kolstad, msimamizi wa uwanja.

"Ati?"

"Bunduki. Ikunje, tafadhali."

Verlyn aliitazama mikono yake. Alikunja. Brad alikuja hadi pale mstarini, mtu mkubwa mwenye ndevu nyekundu, akasema kwa sauti ya chini, lakini kimya kilikuwa kikubwa na kila mtu alisikia: "Naomba leo ukaiweke kwenye gari."

"Brad," mzee alicheka, akatazama huku na huku atafute wa kucheka naye. "Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu ili usijikwae na bunduki. Unakumbuka? Ulikuwa unavaa viatu vya kaka yako."

"Nakumbuka, Mwalimu. Ulinifundisha pia kwamba mtu akigeuza mtutu kwa watu, anatoka uwanjani, hata awe nani. Hata kama ni mchungaji, ulisema."

Uso wa Verlyn ulibadilika rangi kuanzia shingoni. Alitoa risasi, akazitia mfukoni, akatembea hadi kwenye pikapu. Mwendo wa hatua sitini, mbele ya watu aliowafundisha yeye, watoto wao na wajukuu wao, na hakuna aliyejua atazame wapi. Maribel alimfuata akiwa amebeba jaketi lake.

Njiani alikuwa na hasira. Alisema Brad ana wivu, Brad ni mtoto, Brad hajui hata kukaanga yai. Walipofika njia panda ya kanisa, njia aliyoipita maisha yake yote, alisimamisha gari katikati ya barabara, taa ya kuashiria ikiwaka kushoto, kisha kulia.

"Kulia, Baba," alisema Maribel.

"Najua ni kulia!"

Maribel alimweleza Ardis yote siku hiyo hiyo, wamesimama penye kamba ya nguo. Ardis alisikiliza akiwa na kibanio cha nguo mdomoni.

"Amechoka," alisema alipokitoa. "Tangu Helmer afe halali vizuri. Usimwambie Todd, atapata ajali huko barabarani kwa mawazo."

* * *

Jumamosi ya kufungua msimu wa kuwinda, mwezi wa kumi, ilikuja na umande mzito na jua jeupe. Ardis alifunga mikate ya nyama na chupa ya kahawa, akawavalisha wote wawili vizibao vya rangi ya chungwa vya kuonekana kwa mbali, akamfunga mumewe vifungo mpaka juu kama anayepeleka mtoto shule.

"Mtakuwa karibu karibu?" aliuliza.

"Ardis, tunakwenda kwenye shamba letu, si mwezini."

"Maribel. Mtakuwa karibu karibu?"

"Ndiyo, Mama."

Walitembea kando ya mahindi yaliyokuwa hayajavunwa, kwenye ukanda wa majani marefu, Greta akinusa mbele. Verlyn alikuwa mtu mwingine. Alinyamaza, alisikiliza, alinyoosha kidole pale majani yalipotikisika kinyume na upepo. Kwale dume wa huko, mkubwa kama kuku, alipochupa na kelele yake ya bati lililoanguka, mwekundu, mkia mrefu ukimfuata, mzee aliinua bunduki bila haraka yoyote, akampiga mara moja. Greta akamleta. Verlyn alimnyoosha yule ndege manyoya kwa kidole gumba, akamtia kwenye mfuko wa mgongoni wa kizibao cha Maribel.

"Sikia uzito huo," alisema. "Bado ana joto. Ukiacha kuusikia uzito huo, acha kuwinda."

Maribel alifurahi kiasi cha kusahau njia panda na taa zake. Walipofika pembe ya shamba, mzee alimwagiza apite ndani ya mahindi ili awatimue ndege, yeye akae nje mwishoni mwa mistari. Ilikuwa kama dakika kumi. Mabua yalimkwaruza uso, Greta alipotea mbele. Maribel alipaza sauti kila baada ya hatua chache kama alivyofundishwa: "Niko hapa, Baba! Niko hapa!" Alipokaribia mwisho alikunja bunduki yake, akatoa risasi, akatoka kwenye mwanga.

"Simama hapohapo!"

Verlyn alikuwa amesimama mbele yake. Bunduki yake ilikuwa begani, imefungwa. Mitutu miwili ilimtazama Maribel kifuani.

"Ni mimi, Baba. Maribel."

"Mimi si baba yako. Nani kakuingiza shambani kwangu?"

"Baba…"

"Mmetoka kule mabandani kwa wapalilia viazisukari. Nimewaambia wenzako mara ngapi? Mahindi haya si ya kuvunja. Weka hiyo chini!"

Maribel alilaza bunduki chini, polepole, imekunjwa. Alipoinuka aliona mambo mawili ambayo miezi mitatu iliyopita asingeyaona. Kitufe cha usalama kilikuwa kimesukumwa mbele, bunduki i tayari kulia. Na kidole cha mzee kilikuwa ndani.

Hapakuwa na miti pale ya kujificha, na mahindi hayazuii marisau. Wazazi wake waliwahi kuishi katika mabanda yale kwa misimu minne, wakipalilia viazisukari vya watu, na pengine waliwahi kusimama hivi. Alitaka kusema Todd, aseme Ardis, lakini katika macho yale hapakuwa na mlango wa kuingiza majina. Kulikuwa na mzee mwenye hofu anayelinda shamba lake.

"Bwana," alisema. "Samahani. Wameniambia huku kuna mwalimu."

Mitutu haikusogea.

"Mwalimu wa bunduki. Wamesema anaitwa Stensrud. Nataka kujifunza, ndiyo maana nimekuja. Sijui lolote."

"Nani kakutuma?"

"Watu wa kanisani. Wamesema ndiye bora. Nimekosea njia?"

"Hujakosea," alisema. "Ndiye mimi."

"Basi nifundishe, Mwalimu. Somo la kwanza ni lipi?"

Maribel aliona swali lile likisafiri ndani yake, likishuka kutoka kwenye macho mpaka mabegani, mpaka mikononi. Kidole kilitoka, kikanyooka ubavuni. Mitutu ikapanda juu, ikatazama mbingu. Mzee aliikunja bunduki, akachomoa risasi mbili nyekundu, akazishika kiganjani, akamwonyesha matundu matupu.

"Somo la kwanza," alisema kwa ile sauti ya ukumbini, ya kuwafikia watoto waliokaa nyuma, "ni kwamba bunduki zote zina risasi. Hata hii. Umeona sasa hivi nimezitoa, lakini bado ina risasi. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Mbona unalia? Usiogope. Wote mwanzoni huogopa."

"Naweza kuishika?"

Alimpa. Maribel aliipokea kwa mikono miwili. Mzee hakuiachia, alisubiri.

"Asante," alisema Maribel.

Hapo akaiachia.

Walirudi wakifuatana kwenye ukingo wa mtaro, Maribel na bunduki mbili zilizokunjwa mabegani, mzee akieleza habari za upepo. Walipoiona nyumba, alisimama ghafla akamtazama.

"Maribel? Mbona unanibebea bunduki yangu? Mimi si mgonjwa."

* * *

"Ulijua," Maribel alimwambia Ardis. Walikuwa kwenye chumba cha kufulia, mlango umefungwa. Bado alikuwa amevaa kizibao, kwale mgongoni.

Ardis aliketi juu ya kikapu cha nguo. "Tangu majira ya baridi. Aliniuliza mama yake, aliyekufa zamani, yuko wapi. Daktari alisema, ondoeni bunduki nyumbani. Alisema mara mbili."

"Na wewe ukanituma mimi nikajifunze kuwinda."

"Nilifikiri akiwa na mtu pembeni… Wewe una macho, una utulivu. Nilifikiri utaona mapema."

"Niliona mapema! Nilikwambia penye kamba ya nguo, ukaniambia amechoka. Mama, alinilenga. Hapa." Alijigusa kifuani. "Nina watu wangu wanaonisubiri kama wewe ulivyo na wako. Kama ungeniambia ukweli, ningechagua mwenyewe."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

Ardis alianza kulia, kilio cha mtu asiyezoea, kinachotoka kwa vipande. "Ningemwambiaje? Majina yamemtoka, hesabu zimemtoka. Juzi kavaa koti juu ya koti. Akishika ile bunduki anakuwa Verlyn. Nimnyang'anye na hilo, nibaki na nani?"

Maribel alivua kizibao, akamtoa yule ndege, akamweka kwenye sinki.

Todd, kwa simu kutoka kituo cha mafuta huko Nebraska, alisema ficheni funguo, nitakuja Ijumaa. Lakini Maribel hakutaka kuficha kitu. Asubuhi iliyofuata mzee aliamka na akili safi kabisa. Aliuliza bei ya mahindi, akalalamikia uji. Maribel aliketi mbele yake. Ardis alikuwa penye sinki, amewapa mgongo, anasuuza kikombe kilichokwisha suuzwa.

"Baba, jana shambani hukunijua. Ulinilenga na bunduki."

Verlyn aliweka kijiko. Alimtazama mgongo mkewe, ambao haukugeuka, akaelewa kuwa si mzaha.

"Ilikuwa imefungwa?"

"Imefungwa, Baba."

"Kitufe?"

"Mbele."

"Kidole?"

Maribel alitazama mgongo wa Ardis.

"Nimekuuliza kidole."

"Ndani."

"Umbali gani kati yetu?"

"Hatua kumi na mbili."

Mzee alifumba macho. Kila mwaka, katika ukumbi wa kanisa, alikuwa akiwaonyesha watoto tikiti maji lililopigwa marisau kwa hatua kumi na mbili. Alilipasua mbele yao na kuwaacha walitazame kwa muda mrefu, mpaka wakali wao wanyamaze.

Aliinuka, akachukua ufunguo kwenye ndoano, akafungua kabati. Zilikuwa nne. Alizitoa moja moja, akaikunja kila moja au kuvuta komeo lake, akatazama tundu, akapitisha kidole kuhakikisha, akampa Maribel. Kila mara alisubiri neno lake. Ya mwisho ilikuwa ya baba yake, mbao zake zimeng'aa kwa mashavu ya watu wawili. Hiyo aliishika muda mrefu baada ya Maribel kusema asante, ikambidi aseme mara ya pili.

Maribel alizipeleka kwa Brad Kolstad, aliyekuwa na kabati la chuma. Brad alizipokea, akaingia ndani, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu kuliko ndevu.

* * *

Siku tano baadaye, saa nane mchana, gari la polisi wa wilaya liliingia uani. Maribel alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka jikoni mwa shule, aproni ingali kiunoni. Polisi aliyeingia jikoni alikuwa kijana mgeni kwenye wilaya, asiyewahi kuketi katika ukumbi wa Verlyn.

"Mzee wa nyumba hii amepiga simu. Anasema ameibiwa bunduki nne."

"Huyo hapo!" Verlyn alikuwa mlangoni, ufunguo mkononi. "Muulize huyo! Nimeamka kabati ni tupu. Ya baba yangu pia. Ya baba yangu!"

"Baba, ulinipa wewe mwenyewe," alisema Maribel. "Jumapili. Mezani hapa."

"Mwongo! Mimi nimpe mtu bunduki ya baba yangu?"

"Mama," polisi alimwambia Maribel, "simama mbali na kaunta, tafadhali. Mikono nionyeshe. Una kitambulisho?"

"Kiko kwenye mkoba."

"Unaishi hapa?"

"Miaka sita. Mimi ni mke wa mwanawe."

"Umezaliwa wapi?"

"Texas."

"Una karatasi ya kuthibitisha hilo?"

Maribel alisimama katikati ya jiko ambalo alilipiga deki asubuhi ile, mikono ikiwa wazi mbele yake, harufu ya supu ya watoto mia mbili ikiwa bado kwenye nguo. Alimtazama yule mzee aliyemvulia kofia nyuma ya ghala. Mzee naye alimtazama, na katika macho yake Maribel alikuwa mwizi.

Ardis alipanda kutoka chini kwenye chumba cha kufulia, ngazi moja moja, kwa magoti yake yale. Alikuwa amesikia yote tangu mwanzo. Alikuwa amesimama huko chini na shuka mikononi, akisubiri mtu mwingine amalize, kama alivyosubiri tangu majira ya baridi. Alifika juu akihema. Alimpita polisi, akampita Maribel, akasimama mbele ya mumewe.

"Ni mimi," alisema.

"Ardis, ingia ndani, kuna mwizi."

"Hakuna mwizi. Ni mimi niliyezitoa, Verlyn. Mimi ndiye sitaki uwe na bunduki tena. Yeye nilimtuma tu."

Verlyn alimtazama. Walikuwa wameoana miaka arobaini na tisa, na Ardis hakuwahi kuuona uso ule. Ndio uso alioukimbia kwa miezi yote ile, akamsukumia mkwewe auone badala yake. Ulikuwa uso wa mtu aliyepigwa na mkono ambao hakuwahi kujikinga nao.

"Wewe?" aliuliza. "Wewe, Ardis?"

"Mimi."

"Nimekufanyia nini?"

Ardis alimshika mkono, akamtoa ufunguo vidoleni, akamketisha. Polisi alivua kofia, akasema kuna fomu itabidi aijaze, kisha akasema haidhuru, akaondoka. Maribel alivua aproni. Ni Ardis aliyemvutia kiti na kumwekea kahawa, kwanza yeye, kabla ya mumewe.

Verlyn alisahau kabla ya usiku kuingia. Jumapili alilifungua tena kabati, akauliza nani kachukua. Jumanne aliuliza tena, na Ijumaa, na majira yote ya baridi yaliyofuata, wakati theluji ilipofika madirishani. Todd alimshauri mama yake aseme ziko kwa fundi. Brad alisema amsingizie yeye, hajali. Ardis alikataa. Kila mara aliacha alichokuwa akifanya, akapangusa mikono, akaketi mbele ya mumewe pahali atakapomwona vizuri, akamwambia ni mimi, akangoja ule uso uje.